Maji ya Kubeba

Mimi ndiye niliyefanya Ndunge atengwe na kanisa. Nasema mapema ili usiende kuisikia kwa Katunge pale sokoni, maana Katunge akibeba habari hufika ikiwa imenona. Ni mimi, Nzisa, Mama Mulinge, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu hapa Nuu kwa miaka kumi na moja. Nilimshtaki mbele ya wazee kwa mdomo wangu mwenyewe, na jioni hiyo nilikula nikashiba.

Na kama umekuja kusikia habari za mtakatifu mpole, wa kutembea akiangalia chini, rudi kwenu. Ndunge alikuwa ananiudhi. Aliniudhi akiwa hai na ananiudhi hata sasa. Mwanamke mfupi, mweusi, meno ya mbele yameachana, anatembea haraka haraka na vumbi limempanda mpaka magotini. Kuimba alikuwa hajui kabisa. Kwaya nzima tukipanda, yeye anashuka, tena kwa nguvu. Na kushukuru sasa! Ukimpa kiti anashukuru, ukimnyima anashukuru kwamba miguu yake bado inasimama. Fisi alikula mbuzi wake, na Jumapili akasimama wakati wa ushuhuda akamshukuru Mungu kwa sababu fisi alimwachia mwana wa yule mbuzi. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kumuuliza, wewe mama, ni lini utakasirika kama watu wengine?

Alizaliwa upande wa Makueni, karibu na Salama, pale malori yanaposimama. Alikua kando ya barabara akiuza mahindi ya kuchoma na machungwa pamoja na mama yake, akikimbilia madirisha ya magari, akitukanwa na makondakta. Kaloki alimwoa huko akamleta kwetu. Kaloki alikuwa mtu wa punda, anabebea watu maji na mizigo. Walikaa miaka kumi na minne bila mtoto, na mama yake Kaloki hakumwachia Ndunge siku ya kupumua. Alimwita gunia tupu mbele ya wageni. Ndunge alimpikia yule bibi, akamwosha alipozeeka, akamzika na kumlilia. Kisha Kaloki naye akafa, akabaki peke yake, jirani yangu wa ua mmoja.

Sasa lazima nikueleze habari ya visima, vinginevyo hutaelewa kosa lake.

Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima. Maji yako chini. Ukiyataka unachimba mpaka uyafikie, na ukame ukizidi shimo linakuwa refu kukushinda wewe, unakata vidato kwenye mchanga, mmoja anashuka kuchota na mwingine anapokea ndoo juu. Shimo ni la aliyelichimba. Analizungushia miiba, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeondoa miiba ya mwenzake. Ukipita na kiu, mwenye kisima atakupa maji ya kunywa hapo hapo, kwa kikombe, hata kama mmekosana. Hayo hata shetani angepewa. Lakini maji ya kubeba, ya kutia kwenye mtungi uende nayo kwako, hayo ni ya watu wa nyumba yako na wale unaowaita wako. Kila mtoto wa Nuu anajua tofauti hiyo kabla hajajua kusoma.

Mwaka wa 2022 mvua ilikuwa imetukosa msimu baada ya msimu. Wafugaji walishuka kutoka upande wa Garissa na ngamia wao kwa sababu kwao kulikauka zaidi ya kwetu. Mimi na mume wangu Mbaluka tulikuwa na kipande cha ndengu kando ya mto, kidogo tu, tukikimwagilia kwa makopo asubuhi na jioni. Zilikuwa zimetoa maua. Asubuhi moja tukakuta ngamia saba ndani, wanatafuna taratibu, hawana haraka, wanatuangalia utadhani wageni ni sisi. Mbaluka akashika panga. Nitasema ukweli ingawa unanikwama kooni: yeye ndiye aliyeanza. Alimkata ngamia mmoja mguu wa nyuma. Mchungaji wao, mtu mmoja anaitwa Samatar, akaja mbio na fimbo akamvunja kiwiko. Mbaluka alifungwa plasta Mwingi, kiwiko kikapona vibaya, na mkono wa kulia wa mume wangu haunyooki mpaka leo. Mwanaume aliyekuwa akilima ekari mbili peke yake, sasa mimi ndiye namfunga vifungo vya shati.

Kwa hivyo usiniulize kwa nini nilikuwa na hasira.

Polisi walimchukua Samatar. Kaka yake, Ahmednasir, akaondoka na ngamia. Aliyebaki ni mke wa Samatar, Hodan, na msichana wao mdogo, Isnino, ng'ambo ya mto kwenye kibanda cha matawi na magunia, pamoja na mbuzi wachache waliokuwa wamechoka hata kutembea. Alisema anangoja kesi ya mume wake. Sisi watu wa kijiji tukakaa kikao tukakubaliana. Maji ya kunywa apewe, sisi si wanyama. Ya kubeba, hata tone. Akishindwa ataondoka mwenyewe. Nzau, mzee wa kanisa na katibu wetu, ndiye aliyefunga kikao kwa maombi. Alisema watu watakatifu hujitenga, na sote tukaitikia amina. Ndunge alikuwepo, na mimi nilimwangalia. Hakuitikia. Nilidhani amesinzia.

Wiki haikuisha. Nilishuka mtoni asubuhi na punda wangu, nikaona Hodan amesimama ndani ya miiba ya Ndunge na mitungi miwili ya manjano. Nikasogea. Ndunge alikuwa chini shimoni, naona kitambaa chake cha kichwa tu.

“Ndunge, unafanya nini hapo?”

“Nachota, Mama Mulinge. Karibu.”

“Unamchotea nani?”

“Hodan. Mtoto anaharisha. Anataka kuoshwa na kupikiwa uji. Mungu ashukuriwe, leo maji yamepanda.”

Eti Mungu ashukuriwe! Damu ilinipanda kichwani. Mtungi mmoja ulikuwa umejaa. Niliupiga teke. Ndiyo, mimi, mwenyekiti wa akina mama, niliupiga teke ukaanguka, na maji yakaingia mchangani yakapotea hapo hapo. Hodan alinitazama, nami nikamtazama, na kama angefungua mdomo ningempiga. Ndunge alipanda vile vidato akihema, akainua mtungi, akaukung'uta mchanga, akashuka tena kuanza upya. Hakunigombeza. Hilo ndilo lilinimaliza. Afadhali angenitukana.

Jumapili hiyo hiyo nilipeleka mashtaka.

Tulikaa ofisini kwa Pasta Mutisya, ambaye ni kijana mzuri lakini anamwogopa Nzau kuliko anavyomwogopa Mungu. Nzau alikuwa na kitabu chake cha kumbukumbu na kalamu mbili. Akamuuliza Ndunge kama ni kweli. Ndunge akasema ni kweli, ya kubeba, mitungi miwili kila siku, na maji kidogo ya mbuzi.

“Hata mbuzi!” nikapiga kelele.

Nzau akauliza, “Mama, nani alikutuma kuvunja agano la kijiji kwa ajili ya watu waliomfanya ndugu yetu Mbaluka kilema?”

Ndunge akanyoosha kidole. Kwangu.

“Ni kwa sababu ya Mama Mulinge,” akasema. “Mwaka ule wa 2009, Kaloki amekufa, mimi nimelala ndani na malaria, nimekubali nife. Kikao kilikuwa kimesema kila nyumba ichote yake tu, maji yalikuwa yamepungua. Mama Mulinge alikuwa na watoto wadogo wanne na mitungi mitatu kwa siku. Mmoja alikuwa ananiletea mimi, mpaka ndani. Nilipopata nafuu, yeye na Baba Mulinge wakashuka mtoni wakanichimbia kile kisima. Sijakisahau hata siku moja. Kila nikishuka mle ndani nasema, Bwana, haya maji nilipewa. Sasa nitawezaje kumwambia mama mwenye mtoto mgonjwa kwamba haya ni yangu?”

Wewe! Ungeona vile uso ulinichoma. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nakuapia, nilikuwa nimesahau kama mtu anavyosahau chakula alichokula mwaka jana. Na huyu mwanamke amekitunza miaka kumi na mitatu, kisha anakitoa mbele ya wazee kuwafaidi watu waliotuumiza. Niliona kama ameniibia. Wema wangu, niliomfanyia yeye, ameuchukua amempa mke wa Samatar!

“Sikukuchimbia kisima uwanyweshe adui zangu,” nikamwambia.

“Najua, Mama Mulinge. Hukusema ninyweshe nani. Ulinipa tu.”

Nzau akamwambia atubu. Neno moja, “nilikosa,” liandikwe, yaishe. Ndunge akasema anaweza kutubu mengi, ana hasira za siri, aliwahi kumwombea mama mkwe wake kifo, anaomba asamehewe. Lakini maji hapana. Kutubu maji ni kumwambia Mungu kwamba alikosea kumpa. Nzau akaandika: ametengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu, au mpaka aliyemshtaki aondoe mashtaka.

Kwa mtu wa mbali hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo hata kidogo. Aliyetengwa akifa, kanisa halimziki. Hakuna pasta, hakuna kwaya, hakuna akina mama wa vitambaa vyeupe kusimama kando ya kaburi. Mtu mwenye watoto kumi anaweza kusema potelea mbali, watoto wangu watanizika. Ndunge hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, ndugu zake wa Salama walishatawanyika. Sisi ndio tulikuwa watu wake wa kumzika. Na alikuwa mwoga wa jambo hilo. Katika kundi letu la akina mama, kila tulipozika mtu, yeye alibaki nyuma akitengeneza udongo kwa mikono, akisema, “Mimi nikifa mje wote, jamani, hata kama kuna jua.” Sasa kamba yake nilikuwa nimeishika mimi, na nilijua.

Niliishika kwa nguvu. Miezi mitano.

Alikuja kanisani kila Jumapili akakaa benchi la nyuma. Wakati wa Meza ukifika, waliotengwa hutoka nje, na yeye alitoka, akachukua ufagio akafagia uwanja tulipokuwa ndani tukila mkate. Ulikuwa unasikia ule ufagio, shwa, shwa, na Nzau anakunja uso. Tukitoka anatusalimia mmoja mmoja. Kila Jumatano alifika kwangu kuuliza hali ya mkono wa Mbaluka. Mbaluka alimfukuza. Alimwambia, “Nenda ukaulize mkono wa Samatar.” Jumatano iliyofuata akaja tena, akasimama pale pale, akauliza tena. Hodan aliendelea kupata mitungi yake miwili. Yule mtoto, Isnino, alipona, nikamwona anakimbiza mbuzi ng'ambo, na nitakwambia nilichohisi. Nilihisi wivu. Mume wangu hakupona na mtoto wao amepona.

Watu wanapenda kusema Ndunge aliyafanya yale kwa sababu hakuwa na uchungu. Si kweli. Siku moja nilimpata kisimani peke yake, amekaa juu ya ndoo, analia kwa sauti, na kamasi na yote. Nikajificha nyuma ya punda. Alikuwa akisema, “Bwana, wamenichukia, na mimi naanza kuwachukia, nisaidie nisianze.” Kisha akanyamaza, akaanza kuhesabu alivyopewa. Maji. Macho. Uji wa asubuhi. Kaloki miaka kumi na minne. Akafika kwa jina langu, akalitaja, akapangusa uso, akashuka shimoni. Niliondoka na mitungi mitupu, nikamwambia Mbaluka kwamba kisima chetu kimejaa mchanga.

Ndunge alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mwezi wa pili mwaka uliofuata, jembe lilimkata kidole cha mguu akizibua kisima, na kidonda kikaanza kuoza. Alipelekwa Mwingi, akakaa siku tisa, akarudishwa nyumbani mguu umefungwa na uso umekuwa wa kijivu. Katunge aliniambia, “Nenda umwone, Mama Mulinge, huyo hamalizi mwezi.” Nilimwambia Katunge ashughulike na nyanya zake za kuuza sokoni. Lakini Jumanne nilienda.

Alikuwa amelala, nyumba inanuka dawa na usaha. Hodan alikuwa mle ndani akimpepea na kipande cha katoni. Aliponiona alitoka nje bila kuambiwa.

“Asante umekuja,” Ndunge akasema.

“Usinianze na asante zako. Nimekuja kukwambia useme lile neno. Sema ‘nilikosa,’ mimi nitampelekea Nzau leo hii, na Jumapili utaletewa Meza hapa kitandani.”

Midomo yake ilikuwa imekauka, nikachota maji kwenye ndoo nikampa. Alikunywa yote.

“Mama Mulinge, mimi naogopa,” akasema. “Sitaki kufukiwa kama mbwa. Jana nililia kwa hofu, muulize Hodan. Wewe unaweza kuondoa yale mashtaka. Niondolee.”

“Wewe ndiye unaweza. Ni neno moja!”

“Nikisema nilikosa kumpa Hodan maji ya kubeba, basi hata wewe ulikosa kunipa mimi. Kikao kilikuwa kimekataza hata wakati ule. Siwezi kusema ulikosa. Ningekuwa nimekufa.”

Nilisimama. Nilimwambia mambo. Nilimwambia anajifanya mtakatifu kuliko sisi sote, kwamba utakatifu wake ni wa kutuaibisha.

“Huo utakatifu mimi siujui,” akasema, na sauti ilikuwa inaisha. “Wazee ndio wanaujua. Mimi najua tu kwamba nikikumbuka nilivyopewa, mkono unafunguka wenyewe. Nikisahau, unajifunga. Umewahi kujifunga, huu wangu. Ni mbaya sana ukijifunga, Mama Mulinge. Unaumwa mwili mzima.”

“Basi kaa na mkono wako,” nikasema, nikatoka nikaubamiza mlango wa bati.

Nilikuwa nimepanga kuondoa mashtaka Jumapili. Nakwambia hivyo, na najiambia hivyo, lakini sina shahidi. Labda nilikuwa nimepanga. Labda nilitaka kumwacha asubiri kidogo, aonje. Alikufa Alhamisi kabla ya saa sita mchana.

Nilienda kwa Nzau mbio. Nilimpata akikamua mbuzi. Nikamwambia, “Naondoa mashtaka yangu dhidi ya Ndunge. Andika.”

“Ndunge gani? Marehemu?”

“Nzau, usinichezee. Andika.”

“Mama mwenyekiti, wewe unazijua taratibu. Aliye hai ndiye hurudishwa. Maiti haiwezi kupokelewa mezani. Ulikuwa na miezi mitano.”

Nilimtukana matusi ambayo sitayarudia. Nilienda kwa Pasta Mutisya, akashika kichwa, akasema moyo wake uko nami lakini mikono yake imefungwa. Nikamwambia basi ajifunge na mdomo asihubiri tena. Sasa nilikuwa nagombana na kila mtu, na mtu niliyestahili kugombana naye ni mimi.

Tulimzika Jumamosi. Mwanangu Mulinge na vijana wengine wanne walichimba kaburi. Akina mama wa kanisa walikuja kama majirani tu, na leso za kawaida, wakasimama kando wakiogopana. Pasta alikuja bila Biblia, amevaa fulana, akasimama karibu na ua. Mimi nilivaa sare yangu na kitambaa cheupe. Nzau alinizuia langoni, “Toa hicho kitambaa, Nzisa,” nikamwambia aje akitoe mwenyewe kama yeye ni mwanaume. Hakuja.

Hakukuwa na mtu wa kuomba. Jeneza limewekwa, watu wanatazama viatu vyao, jua linawaka. Ng'ambo ya ua Hodan amesimama na mtoto, hakuingia. Ikabidi niombe mimi. Mimi huomba vizuri, watu hunisifu, naweza kuomba robo saa bila kurudia neno. Siku hiyo nilisema, “Mungu, unamjua. Hapa chini mimi ndiye nilimfunga. Huko juu wewe mfungulie. Mimi usinifungulie bado.” Hayo tu. Kisha nikaimba mwenyewe, nikaimba vibaya kwa sababu ya kilio, na hakuna aliyenisaidia mpaka ubeti wa pili, Katunge akaingia. Nilimpenda Katunge kwa dakika hizo, Mungu anisamehe kwa yote niliyosema juu yake, na yale nitakayosema.

Kisima cha Ndunge kilirudi kwangu, kwa kuwa sisi ndio tulikichimba. Jumatatu nilishuka na panga kukata miiba mipya nikizibe vizuri. Nilimkuta Hodan nje ya uzio. Mitungi miwili ya manjano iko chini, yeye amesimama. Alikuwa hajagusa mwiba hata mmoja.

“Nimekuja kuomba, mama,” akasema. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na hata hilo liliniudhi. “Ukikataa nitaenda.”

Nilimwangalia. Sikuwa na huruma. Sitakudanganya kwamba moyo wangu uliyeyuka, haukuyeyuka. Nilimwona na nikaona kiwiko cha Mbaluka. Nikajaribu lile jambo la Ndunge, la kuhesabu. Kwanza nilikuwa nimeuma meno. Nilipewa nini mimi? Watoto wanne walioishi mwaka ule wa ukame. Mume aliyerudi kutoka mtoni akiwa na uhai. Jirani aliyenisalimia miezi mitano nikiwa nimemshika koo. Nilipofika hapo mkono ulianza kuniuma, nakwambia, huu mkono ulioshika panga, kutoka kwenye vidole mpaka begani.

Niliondoa miiba.

“Sogeza mitungi,” nikamwambia. “Na usiongee na mimi.”

Nilimchotea. Ya kubeba. Mitungi miwili, na ya mbuzi.

Jumapili sikungoja kuitwa. Wakati wa ushuhuda nilisimama mbele ya kanisa lote, Mbaluka amekaa upande wa wanaume na mkono wake umejikunja mapajani.

“Mzee Nzau, toa kitabu,” nikasema. “Mimi Nzisa nimempa Hodan maji ya kubeba tangu Jumatatu. Nitampa na kesho. Andika.”

Nzau akasema, kwa ile sauti yake ya kikao, “Na unatubu, mama?”

“Natubu. Natubu kwamba nilichelewa. Maji sitayatubu.”

Akaandika. Nikavua kitambaa cheupe nikakiweka mezani kwake, nikaenda nyuma. Mbaluka hakunitazama. Nyumbani hakuongea nami siku hiyo, wala kesho yake, wala siku iliyofuata. Alikataa hata nimfunge vifungo, akatembea na shati wazi. Nilimwelewa. Mkono ni wake, si wangu, na mimi nilikuwa nimetoa bila kumuuliza.

Alhamisi nilikuwa chini shimoni. Maji yalikuwa yamezama sana, na Hodan alikuwa juu anapokea ndoo. Nikainua ndoo juu ya kichwa, nikaona mkono mwingine umeshuka kuichukua. Mkono wa kushoto, wa mwanaume, na kovu ninalolijua. Mbaluka aliivuta ndoo kwa ule mkono mmoja, akiguna, maji yakinimwagikia usoni. Nikapanda kidato kimoja nichungulie. Alikuwa amempa Hodan mgongo nusu, amekunja uso kabisa, na anamimina maji ndani ya mtungi wake bila kumwangalia.

Nilirudi chini nikaendelea kuchota. Ningefungua mdomo tu, angeacha.